Mtego wa Philippeville

Katikati ya mwaka 1955 vita vya ukombozi wa Algeria vilikuwa havijatimiza mwaka, na tayari vilionyesha dalili za kuzimika. Chama cha FLN kilivianzisha usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 1954 kwa mashambulizi yapatayo 70 sehemu mbalimbali za nchi. Wapiganaji walikuwa mamia tu, na wengi wao walishika bunduki za kuwindia. Miezi michache baadaye Didouche Mourad alikuwa ameuawa, Mostefa Ben Boulaïd na Rabah Bitat wametiwa mbaroni, na Waalgeria walio wengi walikuwa wakiyatazama mambo kwa mbali.

Si kwamba waliridhika na hali yao. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830 na kuihesabu kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Kufikia miaka ya 1950 walowezi walikuwa karibu milioni 1, na Waislamu karibu milioni 9. Katika Bunge la Algeria lililoundwa kwa sheria ya 1947, kila upande ulipewa viti 60, kwa hiyo kura ya mlowezi mmoja ilikuwa na uzito wa kura nane hivi za Waislamu. Uchaguzi wa 1948 ulipofika, hata kura hizo chache zilichakachuliwa. Hata hivyo, kuchukia utawala ni jambo moja, na kuingia msituni ni jingine. Walikuwepo watu wa kati kama Ferhat Abbas, mfamasia wa mji wa Sétif, ambao kwa miaka mingi walidai haki kwa maneno, kwa magazeti na kwa kura.

Watu hao ndio waliolengwa na gavana mpya, Jacques Soustelle, aliyewasili Februari 1955. Alikuwa msomi wa tamaduni za kale za Mexico, na siasa zake zilikuwa za mrengo wa kushoto kiasi kwamba walowezi walimpokea kwa kununa. Alinuia kuwapa Waislamu nafasi zaidi serikalini, kugawa ardhi na kuipa lugha ya Kiarabu hadhi yake. Alimpa mwanaanthropolojia Germaine Tillion, mwanamke aliyenusurika kambi ya Wanazi ya Ravensbrück, kazi ya kuanzisha vituo vya elimu na huduma kwa maskini. Kwa FLN gavana wa namna hiyo alikuwa hatari kuliko gavana katili, kwa kuwa watu wa kati wangeweza kumsikiliza.

Tarehe 20 Agosti 1955, saa sita mchana, kamanda wa FLN wa kaskazini mwa Constantine, Zighoud Youcef, aliamuru mashambulizi katika miji na vijiji kadhaa kwa wakati mmoja. Wapiganaji wachache wenye sare waliongoza makundi makubwa ya wakulima waliobeba mashoka, visu na miundu. Waliingia Philippeville, mji wa bandari ambao leo unaitwa Skikda. Kwenye mgodi wa El Halia, karibu na hapo, wachimbaji waliwageukia majirani zao Wazungu, watu waliofanya nao kazi kila siku, wakaua zaidi ya 30, watoto wakiwemo. Kwa jumla walikufa watu 123. Kati yao Wazungu walikuwa 71, na miongoni mwa waliobaki walikuwemo Waalgeria walioonekana kuwa karibu na Wafaransa. Mmoja wa Waalgeria hao ni mpwa wa Ferhat Abbas, aliyeuawa mjini Constantine.

Kijeshi hapakutekwa chochote. Jioni ilipofika Wafaransa walikuwa bado wameshika kila mji na kila barabara. Lakini Zighoud hakuwa anatafuta mji. Kundi dogo lisilo na jeshi haliwezi kumng'oa mtawala kwa nguvu zake lenyewe. Linachoweza ni kumchokoza mpaka nguvu zake yeye zimharibie. Mauaji yale yalikuwa chambo, na samaki aliyekusudiwa alikuwa jeshi la Ufaransa.

Samaki akameza. Wanajeshi na walowezi wenye silaha waliingia vijijini kulipiza kisasi bila kuuliza nani alifanya nini. Katika uwanja wa michezo wa Philippeville mateka walipigwa risasi na kuzikwa kwa pamoja. Serikali ilitaja waliouawa 1,273, na FLN ikataja 12,000. Hata tukichukua hesabu ya serikali yenyewe, kwa kila aliyeuawa siku ile waliuawa Waalgeria kumi. Na wengi wa waliouawa hawakuwa wapiganaji, kwa sababu wapiganaji walikwisha kurudi milimani.

Matokeo yalionekana haraka. Soustelle, aliyeziona maiti za El Halia, alibadilika: mageuzi yakasukumwa nyuma, usalama ukatangulizwa. Mwishoni mwa Septemba wawakilishi Waislamu 61, watu ambao serikali iliwahesabu kuwa wake, walitia saini tamko la kukataa mpango wa kuunganishwa na Ufaransa na kusema kuwa wananchi walio wengi sasa wanaunga mkono wazo la taifa la Algeria. Aprili 1956 Ferhat Abbas alitangaza mjini Cairo kwamba amejiunga na FLN, chama kilichomuua mpwa wake. Njia ya kati ilifungwa pande zote mbili. FLN iliwatisha waliotaka kuipita, na serikali ikawapiga hata waliokuwa bado wanaipita.

Mwaka huohuo wa 1956 mchezo ulihamia mji mkuu. Juni 19, 1956, katika gereza la Barberousse jijini Algiers, wapiganaji wawili, Ahmed Zabana na Abdelkader Ferradj, walikatwa vichwa kwa gilotini. FLN ilijibu kwa kuwapiga risasi Wazungu barabarani. Agosti 10 walowezi wenye siasa kali walitega bomu katika mtaa wa Thèbes, ndani ya Kasba, eneo la kale la Waislamu jijini, wakaua makumi ya watu. Septemba 30 wasichana wa FLN waliovaa na kujipamba Kizungu walipita vizuizi vya askari bila kupekuliwa, wakaacha mabomu kwenye Milk Bar na Cafétéria, sehemu ambako vijana na familia za walowezi walibarizi.

Januari 1957 serikali ilimkabidhi Jenerali Jacques Massu na askari wake wa miavuli mamlaka yote ya polisi jijini. Kanali Roger Trinquier aliigawa Kasba kama daftari: kila mtaa ukapewa alama, kila nyumba namba, na katika kila nyumba mtu mmoja akawajibika kueleza nani amelala humo na nani hayupo. FLN ilipoitisha mgomo wa siku nane kuanzia Januari 28, askari walizing'oa kwa magari milango ya chuma ya maduka yaliyofungwa. Waliokamatwa walipigwa, walitiwa shoti za umeme na kuzamishwa majini. Larbi Ben M'hidi, mmoja wa waasisi wa FLN, ilitangazwa kuwa amejinyonga gerezani. Mwaka 2001 Jenerali Paul Aussaresses alikiri kuwa ndiye aliyemuua.

Paul Teitgen, katibu mkuu wa polisi jijini, ndiye aliyetakiwa kusaini hati za kuwaweka watu kizuizini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliteswa na Gestapo. Machi 1957 aliandika barua ya kujiuzulu, akieleza kwamba katika miili ya mahabusu ameona alama za mateso aliyoyapata yeye mwenyewe mikononi mwa Wajerumani. Alizilinganisha hati alizosaini na watu waliokuwa bado wanaonekana, akakuta watu 3,024 hawajulikani walipo.

Julai mwaka huohuo Germaine Tillion alichukuliwa kwa siri hadi ndani ya Kasba, akakaa saa kadhaa na Yacef Saadi, mkuu wa mtandao wa mabomu. Alimwambia wazi kwamba wanachofanya ni mauaji. Saadi aliahidi kuacha kuwalenga raia, akiomba kwa upande wake wafungwa wasiendelee kukatwa vichwa. Tillion aliufikisha ujumbe huo Paris. Kabla mwezi haujaisha gilotini ilifanya kazi tena. Hata baada ya hapo mabomu yaliyofuata yaligeuzwa yasiue, lakini upande wa pili hapakuwa na aliyetaka kuusikia ujumbe huo.

Kijeshi Massu alishinda. Septemba 1957 Saadi alikamatwa, Oktoba Ali la Pointe akalipuliwa mafichoni mwake, na mabomu yakakoma. Kipimo cha ushindi huo kilikuja tarehe 11 Desemba 1960, Rais wa Ufaransa, Charles de Gaulle, alipokuwa ziarani Algeria. Maelfu kwa maelfu ya watu walitoka mitaa ya Belcourt na Kasba jijini Algiers, bila silaha, wakipeperusha bendera za FLN. Mtandao wa Saadi ulikuwa umekufa miaka mitatu kabla. Miongoni mwa walioandamana walikuwemo wazazi, wake na wadogo wa wale waliopitia mikononi mwa askari wa miavuli.

Mwishoni mwa vita walowezi wenyewe walijaribu silaha ileile ya uchokozi. Makubaliano ya Évian, kati ya Ufaransa na FLN, yalitiwa saini Machi 18, 1962, na kesho yake vita vikasimamishwa. Kundi la siri la walowezi na maofisa walioasi, OAS, liliapa kuyavunja. Liliua Waislamu barabarani kwa kufuata kazi zao: leo watu wa posta, kesho wanawake wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Machi 15 lilimuua mwandishi Mouloud Feraoun pamoja na wenzake watano, maofisa wa vituo vile vilivyoanzishwa na Tillion. Mei 2 gari lililojaa mabomu liliua makumi ya vibarua bandarini Algiers. Hesabu ya OAS ilikuwa ya Zighoud: Waislamu wakivamia mitaa ya Wazungu kulipiza kisasi, jeshi la Ufaransa litalazimika kuwashambulia, na Évian itakufa.

Safari hii mtego haukunasa. Katikati ya Mei kikosi cha FLN jijini kiliwashambulia walowezi kwa siku moja, lakini kwa jumla wanachama wake walisimama kwenye njia panda za mitaa ya Waislamu na kuwazuia watu wenye hasira wasitoke. Nayo serikali ya Ufaransa iliendelea kuwasaka wauaji wenyewe, mpaka ikamkamata mkuu wao, Jenerali Raoul Salan, mwezi Aprili. Évian ilisimama, na Algeria ikawa huru Julai 5. Siku hiyohiyo mamia ya Wazungu waliuawa Oran, ushahidi wa ghadhabu iliyozuiwa kwa miezi yote ile na gharama ya kuiachia hata kwa siku moja.

Walowezi waliohama mwaka huo walikuwa mamia ya maelfu. Kwa karibu miaka minane jeshi lao lilikuwa na kila silaha ya kuwashinda wapiganaji wa FLN, na mara nyingi liliwashinda. Lakini lilijibu kila pigo kwa kumpiga jirani wa adui, na kwa kufanya hivyo liliikamilishia FLN kazi ambayo yenyewe isingeiweza: kuwashawishi Waalgeria milioni 9 kwamba hawana pengine pa kwenda.