Uteuzi wa Swichi Mzizi: Urithi wa Mwaka 1985
Mwaka 1985 Radia Perlman, mhandisi wa Digital Equipment Corporation, alichapisha algoriti ya kuzuia fremu zisizunguke bila kikomo katika mitandao yenye njia za akiba. Kifaa kimoja (wakati huo daraja, leo swichi) huwa mzizi. Vingine hufunga njia za ziada vyenyewe. Kujiendesha huko, ambako ndiko sifa yake kuu, kuliacha uteuzi mikononi mwa bahati. Vipaumbele vyote vikibaki 32768, hushinda anwani ndogo ya MAC, mara nyingi ya kifaa kikuukuu. Hivyo ofisi ya Ilembo, Mpanda, yaweza kuelekeza mawasiliano yake kwenye swichi yake dhaifu kuliko zote, hadi fundi aipe swichi ya kati 4096 na mrithi wake 8192.