Kamera za CCTV: Zinavyonasa matukio na sababu za ushahidi kupotea

Ni vigumu siku hizi kuingia katika benki, duka la jumla au kituo cha mafuta jijini Nairobi bila kunaswa na kamera za usalama, maarufu kama CCTV. Hata hivyo, wengi hawafahamu zinavyofanya kazi hadi siku wanapovamiwa na wezi.

Lenzi ya kamera hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye kitambuzi kidogo kinachougeuza kuwa mawimbi ya umeme. Picha hizo, kwa kawaida 25 kila sekunde, husafirishwa kwa waya au kwa mtandao hadi kwenye kinasa, zikahifadhiwa katika diski. Usiku, kamera nyingi huwasha miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na ndiyo maana picha za usiku hazina rangi. Shati jeusi la mshukiwa linaweza hata kuonekana jeupe, jambo linaloweza kuwatatiza mashahidi.

Tatizo kubwa zaidi ni nafasi. Kamera moja inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza takriban gigabaiti 43 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 itaihifadhia picha za siku 23. Zikiwa kamera nane, hazipiti siku tatu. Diski ikishajaa, kinasa hufuta picha kongwe na kuandika mpya juu yake. Mwenye duka aliyeibiwa Ijumaa, akangoja hadi Jumanne kuitisha picha, huenda asipate chochote.

Umuhimu wa kamera hizi ulidhihirika nchini Septemba 21, 2013, magaidi walipovamia jumba la Westgate na kuua watu 67. Kamera ziliwaonyesha wavamizi wakitembea kati ya rafu za duka wakifyatua risasi. Ziliwanasa pia wanajeshi wakibeba mifuko kutoka humo, na mwezi uliofuata jeshi likatangaza kuwa wawili walikuwa wamefutwa kazi na kufungwa.

Mwaka wa 2014, serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya takriban Sh15 bilioni ya mfumo wa mawasiliano ya polisi, uliojumuisha kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa.

Kunasa tukio si sawa na kulithibitisha kortini. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji rekodi za kielektroniki ziambatanishwe na cheti kinachoeleza zilivyotolewa na mtambo uliotumika. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayeweza kutambulika kuwa data yake binafsi, kwa hivyo mwenye kamera hana ruhusa ya kuisambaza apendavyo.

Wenye mitambo hii hushauriwa pia kukagua saa ya kinasa mara kwa mara. Ikiwa imepotoka kwa dakika 40, wakili wa mshtakiwa atakuwa na maswali mengi ya kuuliza.