Mswada Usiotaja Mtunzi

Wengi hudhani katalogi ya miswada ni orodha tu ya kutafutia vitabu. Mimi naiona kama daftari la ushahidi. Tuchukue mfano wa Kisanskriti. Mwaka 1891, Mjerumani Theodor Aufrecht alichapisha juzuu ya kwanza ya Catalogus Catalogorum. Nyingine mbili zikafuata mwaka 1896 na 1903. Alikusanya orodha za maktaba mbalimbali, akazipanga kialfabeti, kazi na watunzi pamoja.

Je, mswada wenyewe ukikosa jina la mtunzi? Hapo ndipo pana kazi. Mwaka 1912, huko Trivandrum, kusini mwa India, T. Ganapati Sastri alianza kuchapisha tamthilia 13 alizozipata katika miswada. Hakuna iliyomtaja mtunzi. Sastri akasema zote ni za Bhasa, mtunzi aliyetajwa kwa heshima na Kalidasa, lakini ambaye kazi zake zilidhaniwa zimepotea. Hoja yake? Wahakiki wa kale walishasema Svapnavasavadatta ni ya Bhasa, na hizo nyingine zinafanana nayo, hasa zinavyoanza jukwaani. Wapinzani wakamjibu kwamba kufanana si kuzaliwa tumbo moja. Mjadala haujaisha.

Basi mwandaaji katalogi akiandika “Bhasa” tu na kunyamaza, ameshatukatia kesi kabla hatujasikiliza mashahidi. Na atakayemnukuu kesho atadhani jina hilo limo mswadani. Ninavyoona, aandike kwanza mswada wenyewe unasema nini. Kisha, kando, aandike wataalamu wanadhani nini.