Kutembelea Bwawa la Mtera ukitokea Ulyankulu: mambo ya kujua kabla ya safari

Bwawa la Mtera liko kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa. Kutoka Ulyankulu unafika kwanza Tabora mjini, kisha Dodoma kwa treni ya Reli ya Kati au kwa basi. Dodoma unapanda basi la Iringa na kumwambia kondakta mapema kwamba unashuka Mtera. Huwezi kupapita bila kujua, maana barabara yenyewe inapita juu ya ukuta wa bwawa.

Msikilizaji anayelijua Bwawa la Igombe pale Tabora asilinganishe. Igombe lilijengwa kwa ajili ya maji ya mjini. Mtera lilijengwa kati ya 1975 na 1979 ili kuhifadhi maji ya kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu, yenye megawati 204, ambayo iko chini zaidi kwenye mto huohuo. Baadaye Mtera nayo ikawekewa mitambo yake, megawati 80. Likijaa, ziwa lina urefu wa kilomita 56 hivi. Sehemu ya maji yake huletwa na Mto Kisigo kutoka upande wa Manyoni, wilaya ambayo treni yako itaipita. Mvua ya kwetu Ulyankulu haifiki huko. Inaelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika.

Ukitaka kuliona likiwa limejaa, nenda mvua zinapoisha, mwezi wa tano hivi. Kuanzia mwezi wa tisa ufukwe husogea mbali sana na unaweza kukuta tope na ng'ombe mahali ulipotegemea maji. Mitambo hufanya kazi maji yakiwa kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari, yaani tofauti ya mita nane na nusu tu. Oktoba 2015 maji yalipungua hadi mtambo ukazimwa.

Sasa usalama, na hapa wazazi wasikilize. Usishuke kwenye mto chini ya ukuta, hata ukiona mawe makavu na watu wanafua. Milango ya bwawa ikifunguliwa, maji hupanda ghafla, na mtoto aliye katikati ya mawe hana pa kukimbilia. Upande wa ziwani kuna mamba na viboko, kwa hiyo msiogelee wala kuchota maji jioni. Kukanyaga maji ya pembeni kunaweza kukupa kichocho. Ukitaka kupanda mtumbwi, waulize viongozi wa wavuvi mwaloni ni nani wa kuaminika, mpande asubuhi kabla ya upepo, na pasipo jaketi okozi msipande. Bei mpatane mkiwa bado nchi kavu.

Ukuta na mitambo ni eneo linalolindwa. Usipige picha hapo bila ruhusa, hata kwa simu. Shule au kikundi kinachotaka kuingia ndani ya kituo cha umeme kiandike barua TANESCO wiki kadhaa kabla na kisubiri jibu ndipo kikodi gari.

Samaki wapo, perege na kambale, wabichi na wa kukaanga. Wa kupeleka nyumbani nunua waliokaushwa vizuri. Safari ya kurudi Tabora ni ndefu na abiria wenzako wana pua.