Barafu ya Bahari: Maana na Matumizi ya Istilahi

Barafu ya bahari ni barafu inayotokana na kuganda kwa maji ya bahari yenyewe. Katika sayansi ya maeneo ya ncha za dunia, istilahi hii hutaja asili ya barafu, si mahali inapoonekana. Imeundwa kwa mtindo wa «maji ya bahari» na «chumvi ya bahari». Anayesema «barafu ya baharini» hupanua maana, kwa kuwa humo huingia pia mapande yaliyomeguka kutoka nchi kavu yakaelea, ambayo hayakuwahi kuwa maji ya chumvi. Neno barafu lenyewe lina asili ya Kiajemi, ambako barf ni theluji. Kiswahili kilichukua theluji kutoka Kiarabu kwa ile inayoanguka kutoka angani, na barafu ikatumika kwa maji yaliyoganda yakawa magumu. Mgawanyo huo unawafaa watafiti, maana barafu ya bahari aghalabu hufunikwa na theluji, na kila kimoja hupimwa peke yake. Wainuit, ambao ni wenyeji wa pwani za Aktiki, huiita siku, neno lisilohusiana kabisa na siku ya Kiswahili.

Istilahi mbili za jirani hazina budi kutengwa na hii. Barafuto ni barafu ya nchi kavu, iliyotokana na theluji ya miaka mingi kushindiliwa hadi ikawa bonge moja gumu linalosogea polepole kwa uzito wake. Barafu ya kilele cha Kibo na ile ya Greenland ni za jamii hiyo. Barafuto inapofika baharini na kumeguka, pande linaloelea huitwa siwa barafu. Tofauti hii ina uzito katika habari za tabianchi. Barafu ya Greenland ikiyeyuka yote, usawa wa bahari duniani utapanda kwa takriban mita 7. Barafu ya bahari ikiyeyuka, usawa huo karibu haubadiliki, kwa sababu barafu inayoelea imekwisha kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake.

Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida, yaani takriban gramu 35 kwa kila kilo, huganda kwenye nyuzi -1.8 za Selsiasi. Kwanza hutokea chembe nyembamba kama sindano, ambazo hukusanyika juu ya maji na kuufanya uso wa bahari uwe mzito na usiong'aa. Penye mawimbi, chembe hizo hushikana na kuwa duara bapa zenye kingo zilizoinuka kwa kugongana. «Barafu chapati» ni jina linaloeleweka mara moja. Duara hizo huungana kuwa utando mmoja, nao huendelea kunenepa kutoka chini, maji yanapogandia upande wa chini wa barafu iliyokwisha kuwapo.

Fuwele za barafu hazipokei chumvi ndani yake. Sehemu kubwa ya chumvi hurudi baharini, na maji yaliyoongezeka chumvi huwa mazito na kuzama. Sehemu nyingine hunaswa katika vijishimo na vijimfereji vya maji makali ya chumvi ndani ya barafu. Kadiri muda unavyopita, maji hayo huchuruzika, na barafu iliyopitisha majira ya kiangazi huweza kupoteza chumvi kiasi cha kufaa kuyeyushwa kwa kunywa. Ndiyo maana umri ni msingi wa uainishaji. Barafu ya mwaka wa kwanza ni ile ambayo haijapitisha kiangazi hata kimoja, na kwa kawaida unene wake hauzidi mita 2 hivi. Barafu kongwe ni iliyovuka kiangazi kimoja au zaidi, nayo huwa nene na ngumu zaidi. Kwa mwendo wake, barafu huitwa ya pwani ikiwa imeshikamana na ufuo, na ya kuelea ikiwa inachukuliwa na upepo na mikondo. Barafu ya kuelea hupasuka ikaacha nyufa za maji, au husukumana ikainuka kuwa matuta.

Mwendo huo ndio uliozaa utafiti wa kuelea na barafu. Meli Jeannette ilipondwa na barafu kaskazini mwa Siberia mwaka 1881, na miaka mitatu baadaye mabaki yake yakaonekana kusini-magharibi mwa Greenland. Fridtjof Nansen wa Norwe alitambua kwamba barafu ilikuwa imeyavusha Bahari ya Aktiki. Akaagiza kuundwa kwa meli Fram, yenye umbo la mviringo ili ikibanwa iinuke badala ya kuvunjika, akaiacha igandishwe mwaka 1893. Ilitoka salama mwaka 1896. Katika safari hiyo Nansen aliona kwamba barafu haifuati upepo moja kwa moja, bali huelekea kulia kwake, na Vagn Walfrid Ekman akaeleza baadaye kwamba chanzo ni mzunguko wa dunia. Mwaka 1937 Warusi wanne wakiongozwa na Ivan Papanin walipiga kambi juu ya barafu karibu na Ncha ya Kaskazini, wakaelea nayo hadi Februari 1938, walipookolewa karibu na Greenland. Meli ya Ujerumani Polarstern ilirudia njia ya Nansen kuanzia Septemba 2019 hadi Oktoba 2020, katika mradi wa MOSAiC uliowashirikisha watafiti wa nchi 20.

Kazi ya kila siku kwenye barafu ni kutoa magogo ya barafu kwa bomba lenye meno, ambalo mara nyingi huwa na kipenyo cha sentimita 9. Gogo likishatoka, hutobolewa kila baada ya sentimita 10 na kutiwa kipimajoto, kabla hewa haijaligeuza joto lake. Kisha hukatwa kwa msumeno na kila kipande hutiwa haraka katika chombo chenye kifuniko, maana maji ya chumvi huanza kuvuja papo hapo. Vipande huyeyushwa, na kiasi cha chumvi hupatikana kwa kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Majira ya kuchipua, sentimita za mwisho za gogo mara nyingi huwa na rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni ya diatomu, mwani wa seli moja unaoishi katika vijimfereji vya chumvi na kwenye uso wa chini wa barafu. Wanyama wadogo wa maji huula mwani huo, samaki Boreogadus saida huwala wanyama hao, sili huwala samaki, na dubu weupe huwawinda sili juu ya barafu hiyohiyo.

Kwa upana wote wa bahari, setilaiti zimekuwa zikipima barafu kwa mawimbi ya mikro tangu mwishoni mwa 1978, gizani na penye mawingu pia. Hapa istilahi tatu huchanganywa mara kwa mara. Msongamano ni asilimia ya uso wa bahari iliyofunikwa na barafu mahali fulani. Eneo ni jumla ya sehemu zote zenye msongamano wa asilimia 15 au zaidi. Septemba 2012 eneo hilo katika Aktiki lilishuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyokuwa vimepimwa hadi wakati huo. Unene hupimwa kwa njia nyingine. CryoSat-2, iliyorushwa mwaka 2010, hutumia rada, na ICESat-2 ya mwaka 2018 hutumia leza, kupima sehemu iliyo juu ya maji, ambayo ni kama moja ya kumi ya unene wote. Kosa la sentimita 5 juu ya maji kwa hiyo huwa kosa la karibu nusu mita katika unene, na theluji ya juu huzidisha ugumu. Ndiyo maana vipimo vya setilaiti bado husahihishwa kwa matundu yanayotobolewa kwa kekee.

Eneo linahusika hasa na mwanga. Theluji safi juu ya barafu hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10. Barafu inapopungua, bahari hupokea joto zaidi, na joto hilo huyeyusha barafu nyingine. Unene, kwa upande wake, huonyesha kama barafu hiyo itavuka kiangazi. Taarifa inayosema tu kwamba barafu ya bahari imepungua huwa pungufu mpaka ieleze kilichopungua ni eneo, unene au umri.