Taa Tatu za Kisenyi, Januari 2021

Historia ya intaneti Uganda husimuliwa kwa kebo za baharini na kampuni za simu. Mimi naanzia kwenye kompyuta moja kuukuu katika duka la intaneti la mjomba wangu, Kisenyi.

Kila mteja aliposema "mtandao hakuna", lawama ziliniangukia mimi. Nikaandika skripti fupi ya Python yenye dirisha la taa tatu. Ya kwanza ilionyesha kama ruta ya dukani inaitika. Ya pili, kama seva ya nje ya nchi inajibu. Ya tatu, kama poti 443, inayopitiwa na tovuti salama, iko wazi. Poti ni kama milango ya vyumba vya kupanga: ploti moja, milango mingi. Mlango uliofungwa hukujibu "hapana". Uliozibwa hukuacha ukingoja. Wazo la kubisha na kusubiri ni la zamani. Mwaka 1983 Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ya ping, akaipa jina la mlio wa sona, chombo cha kupima umbali majini kwa mwangwi.

Jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, taa mbili zikawa nyekundu. Ya ruta ikabaki kijani. Mama mmoja wa Kisomali, aliyekuwa akingoja ujumbe wa mwanawe kuhusu pesa za hawala, alisema tumemlia shilingi zake. Nikamgeuzia kioo.

"Mama, hapa dukani ni kijani. Kumezimwa huko nje, nchi nzima."

"Kutawashwa lini?"

Hilo skripti haikulijua. Mjomba akamrudishia pesa, na kwa mara ya kwanza hakunigombeza.

Intaneti ilirudi 18 Januari. Nikaongeza taa ya nne, ya Facebook, nayo ikakaa nyekundu. Kwa VPN ikawa kijani. Wateja hawakushangaa. VPN waliizoea tangu Julai 2018, ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii.

Skripti iliandika saa ya kila jaribio kwenye faili. Nimelihifadhi: mistari mingi ya kimya, siku baada ya siku. Kwangu hiyo ni nyaraka kama barua yoyote ya makavazi.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata. Alitazama taa kwanza, ndipo akalipa.