Korongo la Batoka: kupanga safari ya makasia

Korongo la Batoka ni sehemu ya mto Zambezi iliyo chini ya maporomoko ya Victoria, ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya. Kutoka hapo mto huelekea mashariki hadi ziwa Kariba, nao wenyewe ndio mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Kuta za korongo ni mwamba mweusi wa basalti, na maji yamebanwa katikati. Boti za mpira zilipita humo kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na tangu hapo mahali hapa pamekuwa na jina kubwa miongoni mwa wapiga kasia wa maji makali duniani.

Juu ya korongo hakuna bwawa kubwa kwenye Zambezi yenyewe. Kituo cha umeme cha Victoria Falls, upande wa Zambia, huchota maji juu ya maporomoko na kuyarudisha korongoni, lakini hakina uwezo wa kuzuia mafuriko. Kwa hiyo mto hupanda na kushuka upendavyo. Kuchagua tarehe ndiyo kazi kubwa ya mpangaji. Vifaa na chakula vinaweza kusubiri.

Kalenda ya mvua humdanganya mgeni. Mvua za Zambia na Angola hunyesha kwa wingi Desemba hadi Machi, lakini maji hayafiki kwenye maporomoko papo hapo. Kwanza husambaa kwenye uwanda wa mafuriko wa Barotse, magharibi mwa Zambia, yakatulia huko kwa wiki kadhaa kabla ya kuteremka. Ndiyo maana kilele huja karibu na Aprili, mbingu ikiwa imeanza kutakata. Mwaka 1958 mto ulifikia karibu mita za ujazo 10,000 kwa sekunde. Mwezi wa Oktoba au Novemba, katika mwaka mkavu, unaweza kushuka chini ya 300. Safari iliyofaa Septemba mwaka jana haithibitishi lolote kuhusu Juni mwaka huu.

Dawa yake ni kusoma vipimo. Mamlaka ya Mto Zambezi, chombo cha pamoja cha Zambia na Zimbabwe, hutoa taarifa za vituo vyake vya kupima maji, vikiwemo Chavuma, Lukulu na Senanga huko juu, pamoja na Victoria Falls, ambako kumbukumbu zinaanzia 1907. Maji yakianza kupanda Lukulu, aliye korongoni ana muda wa kubadili mpango. Ni fursa ambayo mito mingi ya milimani, inayofurika usiku mmoja, haimpi mtu.

Maji yakiwa mengi mno, kwa kawaida Aprili na Mei, kampuni husimamisha safari. Miamba hufunikwa, lakini huzuka visulisuli vyenye nguvu ya kumvuta chini hata aliyevaa jaketi la kuokolea. Yakipungua kiasi, safari huanzia katikati ya korongo. Kuanzia Agosti hivi hadi Desemba huanzia juu kabisa, karibu na daraja la reli la mwaka 1905. Mikondo mikali ya safari ya siku moja imepewa namba, 1 hadi 25. Wa tisa, uitwao Commercial Suicide, safari za biashara huupita kwa miguu, boti zikipitishwa bila abiria. Anayeona haya kutembea hapo hafai kuongoza wengine. Safari za siku kadhaa hukutana pia na maporomoko ya Moemba, ambako mto mzima hupenya kwenye upenyo mwembamba. Hapo kila kitu hubebwa nchi kavu.

Maji ya huku ni ya uvuguvugu, hivyo baridi si hatari kubwa kama ilivyo katika mito ya theluji. Jua na kiu ndiyo yanayomlemea mtu, hasa Oktoba. Kutoka korongoni ni kupanda ukuta wa mita 200 hivi ukiwa umeshachoka. Mtu aliyevunjika mguu habebwi kirahisi kwenye njia hiyo. Kikundi kiwe na kamba za kurushia, kofia ngumu, kasia za akiba, simu ya setilaiti na mtu aliyebaki juu anayejua saa ya kurudi. Chini zaidi, mto unapotulia, mamba wakubwa na viboko huongezeka, na kuogelea hovyo kukome.

Jambo la mpaka ni dogo ila husahaulika. Boti ikipinduka, watu wanaweza kuibukia kingo mbili za nchi mbili, kwa hiyo viza inayoruhusu kuingia kote kuwili huondoa usumbufu.

Serikali za Zambia na Zimbabwe zimepanga kwa miaka mingi kujenga bwawa la Batoka, lenye ukuta wa mita 181 na umeme wa megawati 2,400, takriban kilomita 50 chini ya maporomoko. Likijengwa, mikondo mingi iliyotajwa hapa itafunikwa na ziwa.